Kunguru Anayedonoa Jicho: Kuisoma Nembo ya Schwarzenberg Kwenye Kasri la Hluboká

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma České Budějovice, kusini mwa Ucheki, na juzi tulikwenda kutembelea kasri jeupe la Hluboká nad Vltavou. Kila nilipogeuka niliona nembo ileile: ngao, joho, kofia ya kitawala, na kwenye pembe moja ndege anayedonoa jicho la kichwa cha mtu kilichokatwa. Hata kitasa cha mlango kina umbo hilo. Mwenzangu alisema hicho ni kichwa cha mtumwa wa Kiafrika, na siku nzima iliniharibikia. Halafu nikakumbuka kwamba ndege huyohuyo nilishamwona Kutná Hora, ameundwa kwa mifupa ya watu. Nembo hii ni ya nani? Ndege na kichwa vina maana gani? Zile picha nyingine kwenye ngao ni za nini? Na kwa nini mpaka leo hawajaviondoa?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na lile lililokuharibia siku. Kichwa kile si cha Mwafrika wala cha mtumwa. Ni kichwa cha Mturuki, askari wa Dola la Osmani, na anayemdonoa ni kunguru. Nembo ni ya ukoo wa Schwarzenberg, waliolimiliki kasri la Hluboká kuanzia mwaka 1661 hadi katikati ya karne ya 20. Kunguru na kichwa viliingizwa kwenye ngao yao kukumbuka usiku mmoja wa Machi 1598, ngome ya Győr huko Hungaria ilipotekwa kutoka mikononi mwa Waosmani.

Mwenzako, hata hivyo, usimlaumu sana. Vichwa vya watu weusi vipo kweli kwenye nembo za Ulaya. Maaskofu wa Freising, huko Bavaria, walikuwa na kichwa cha mtu mweusi mwenye taji kwenye nembo yao tangu karne ya 14, na Papa Benedikto wa 16 alikirithi kwenye nembo yake mwenyewe. Visiwa vya Corsica na Sardinia vinavyo hadi leo. Mji wa Coburg unacho kile cha Mtakatifu Maurisi, shahidi wa Misri ambaye Wajerumani wa zama za kati walimchora na kumchonga akiwa mtu mweusi. Utawala wa Hitler ulikifuta mwaka 1934, nao mji ukakirudisha vita vilipokwisha. Kwa hiyo mtu anayeona kichwa kwenye ngao ya Ulaya na kujiuliza kama ni cha Mwafrika, anauliza swali la haki. Jibu lake linabadilika kutoka nembo moja hadi nyingine, na ndiyo maana inafaa kujua alama za kutazama.

Kwenye nembo ya Schwarzenberg alama kubwa ni nywele. Tazama utosini: kichwa kimenyolewa denge, yaani nywele zote zimeondolewa na kuachwa shungi moja tu juu. Hivyo ndivyo wachoraji wa Ulaya ya kati walivyozoea kumchora askari wa Kituruki, pamoja na masharubu marefu, na mtazamaji wa enzi zile alimtambua papo hapo. Mara nyingi utaona kunguru amelikanyaga au kulikamata shungi hilo huku akiinama kulidonoa jicho. Vichwa vya Waturuki vimejaa pia kwenye nembo za koo za Hungaria, vingine vimetungikwa kwenye ncha ya upanga. Eneo lile liliishi mpakani na vita kwa muda mrefu, na ngao zake zinasema hivyo waziwazi.

Sasa twende Győr, maana bila kisa hiki nembo haisomeki.

Mwaka 1593 vilianza vita kati ya Dola la Osmani na watawala wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, vita vilivyodumu hadi mwaka 1606. Ngome ya Győr ilikuwa kama komeo la njia ya kwenda Vienna. Septemba 1594 Waosmani waliichukua, na pigo lenyewe liliuma zaidi kwa sababu kamanda wake, Ferdinand Hardegg, aliisalimisha. Mwaka uliofuata alihukumiwa Vienna na kuuawa kwa kosa hilo. Kwa miaka mitatu na zaidi watu wa Vienna waliishi wakijua kwamba adui yuko mwendo wa siku chache tu.

Ndipo anapotokea Adolf wa Schwarzenberg. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1598, yeye na Mhungaria Miklós Pálffy waliifikia ngome kwa siri wakiwa na petadi, bomu la kuvunjia milango ambalo wakati huo lilikuwa silaha ya kisasa. Liliwekwa kwenye lango, likalipuka, askari wakaingia, na mapigano ya ndani yakaendelea hadi mji ukawa wao. Mfalme mkuu Rudolf wa Pili, aliyekuwa akikaa Praha, alifurahi kupita kiasi. Aliamuru misalaba na nguzo za shukrani zisimamishwe kwenye nchi zake, na baadhi zingali zimesimama kandokando ya barabara za Austria. Mwaka 1599 Adolf alipewa cheo cha grafu (cheo cha juu cha kikabaila) wa Dola Takatifu la Kiroma, na kwenye ngao yake ikaongezwa sehemu ya kunguru na kichwa.

Kwa nini kunguru, wakati simba au upanga ungeonekana wa kishujaa zaidi? Wajerumani huiita Győr kwa jina la Raab, na kunguru kwa lugha yao ni Rabe. Ngao ilikuwa ikitamka jina la mji ulioshindwa. Desturi hii ya picha kulitaja jina imeenea sana kwenye nembo, nawe utakutana nayo tena kwenye ngao hiihii. Kuna jambo la pili ambalo kila aliyepita kwenye uwanja wa vita wa karne ile alilijua: kunguru ndiye ndege anayeziendea maiti, tena huanza na macho. Aliyebuni picha ile hakuhitaji kubuni mengi.

Adolf mwenyewe hakuifaidi heshima hiyo kwa muda. Mwaka 1600 askari wa kulipwa waliokuwa na ngome ya Pápa waliasi kwa sababu ya mishahara yao, naye akaenda kuwazima. Alipigwa risasi na watu wa upande wake mwenyewe. Hilo halimo kwenye ngao. Ngao huandika kile ambacho ukoo unataka kikumbukwe, na yeyote anayeisoma anapaswa kukitafuta pia kile kilichoachwa nje.

Nije kwenye zile picha nyingine. Ningependa uizoee nembo ya ukoo kama kabrasha la hati, ambamo kila kipande cha ngao ni hati ya dai moja: hapa tulitoka, huyu tulimwoa, nchi hii tuliirithi, vita hivi tulivishinda. Ukisharidhika na hilo, ngao ya Schwarzenberg inasomeka kwa urahisi kuliko inavyoonekana. Sharti moja tu kabla ya kuanza: kulia na kushoto kwenye nembo huhesabiwa kwa upande wa mtu aliyeibeba ngao. Wewe unayeitazama utaona kinyume. Katika maelezo yangu nitatumia upande wako wewe mtazamaji, ili usichanganyikiwe.

Juu kushoto kuna mistari ya wima ya fedha na buluu. Hiyo ndiyo nembo kongwe kabisa ya ukoo, ya wakati walipokuwa wakiitwa Seinsheim, makabaila wa Franconia, Ujerumani ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 15 Erkinger wa Seinsheim aliinunua ngome ya Schwarzenberg, na kizazi chake kikachukua jina la ngome. Jina likabadilika, mistari ikabaki.

Juu kulia kuna ncha tatu nyekundu kwenye fedha. Hiyo ni nembo ya ukoo wa Sulz. Mwaka 1674 Ferdinand wa Schwarzenberg alimwoa Maria Anna, binti na mrithi wa mwanamume wa mwisho wa ukoo huo. Baba mkwe alipofariki mwaka 1687, nchi ya Kleggau, iliyo mpakani mwa Ujerumani na Uswisi, ikaja kwa akina Schwarzenberg. Chini kushoto utaona tawi jeusi lililokatwa vitawi, limelala mshazari na linawaka moto. Ni la ukoo wa Brandis, ambao nembo yao ilikuwa imekwisha kurithiwa na Sulz zamani. Maana yake Schwarzenberg walirithi nembo ambayo nayo ilikuwa imerithiwa. Chini kulia ndiko aliko kunguru wetu, kwenye uwanja, yaani rangi ya nyuma ya picha, wa dhahabu.

Katikati ya ngao kubwa kuna ngao ndogo iliyogawanywa sehemu mbili. Kushoto kuna mnara wa fedha juu ya kilima cheusi, uwanja ukiwa mwekundu. Schwarzenberg kwa Kijerumani ni "mlima mweusi", kwa hiyo hapa tena picha inalitaja jina. Kulia kuna miganda mitatu ya ngano ya dhahabu kwenye buluu, nembo ya ile nchi ya Kleggau. Mahali pa katikati ndipo penye heshima kuu, ndipo ukoo unapoweka ardhi inayoupa hadhi ya kutawala.

Hapo ndipo ninapopenda kukaa kidogo na wanafunzi wangu. Mwanzoni mwa karne ya 19 akina Schwarzenberg waliiuza Kleggau kwa dola la Baden. Ardhi ikaondoka, lakini miganda haikutolewa kwenye ngao. Kasri unaloliona leo lilijengwa upya baada ya mauzo hayo, na bado mafundi walichonga miganda mitatu kana kwamba mavuno yake yangali yanaingia ghalani. Usichukue kila kipande cha nembo kuwa taarifa ya mali iliyopo. Chukua kuwa taarifa ya dai, lenye nguvu au lililokwisha nguvu.

Faida nyingine ya kuvijua vipande hivi ni kukadiria umri. Ukiikuta ngao ya Schwarzenberg yenye zile ncha za Sulz, mara moja unajua haikuchongwa kabla ya ndoa ya 1674. Yenye kunguru haikuchongwa kabla ya vita vya Győr. Mara kadhaa jiwe limekuwa shahidi mzuri kuliko karatasi, kwa sababu karatasi huungua na kuhamishwa, na jiwe la juu ya mlango ni vigumu kulisogeza bila kuacha kovu ukutani.

Na rangi je? Umeona ngao nyingi za mawe na mbao zisizo na rangi. Tazama kwa karibu, mara nyingi utakuta zimekwaruzwa mistari midogo au vitone, na pengine ulidhani ni mapambo. Ule ni utaratibu uliosambazwa na mtaalamu Mjesuiti, Silvester Petra Sancta, katika karne ya 17. Vitone ni dhahabu. Pasipo na alama yoyote ni fedha. Mistari ya wima ni nyekundu, ya kulala ni buluu, ya mshazari ni kijani, na mistari iliyopishana kama wavu ni nyeusi. Ukiushika utaratibu huu, utaweza kusimama mbele ya jiwe la kijivu na kuliona lina rangi zote. Jaribu kwanza na uwanja wa yule kunguru: ukiona vitone, umesoma sawa.

Vitu vinavyoizunguka ngao ni vya cheo. Johann Adolf, mjukuu wa Adolf wa Győr, ndiye aliyelinunua eneo la Hluboká mwaka 1661 kutoka kwa ukoo wa Marradas, Wahispania waliokuwa wamepewa eneo hilo wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Mwaka 1670 alipandishwa kuwa mtemi wa dola, cheo kilicho juu ya grafu. Lile joho jekundu lenye manyoya meupe ndani na ile kofia iliyo juu ni mavazi ya watemi, na ndiyo maana hutayaona kwenye nembo za makabaila wa chini. Ukiona pia mkufu wenye ngozi ya kondoo dume inayoning'inia chini yake, hiyo ni nishani ya Ngozi ya Dhahabu, iliyoanzishwa mjini Bruges mwaka 1430. Wanaume wengi wa ukoo huu walitunukiwa. Na maneno ya Kilatini "Nil nisi rectum" ndiyo kaulimbiu yao: hakuna ila lililo sawa.

Sasa kile kitasa. Hapa ndipo swali lako linapogusa jambo ambalo waongoza watalii hulipita kwa haraka.

Hluboká ni mahali pa kale. Ngome ya kwanza ilijengwa katikati ya karne ya 13 na wafalme wa Bohemia, sehemu kubwa ya Ucheki ya leo, na chini ya kuta zake ndipo bwana mkubwa Záviš wa Falkenštejn alipokatwa kichwa mwaka 1290, ili wafuasi wake waliokuwa ngomeni wasalimu amri. Iliwahi kuwa mikononi mwa mabwana wengi kabla ya Schwarzenberg. Lakini kasri jeupe ulilolitembelea, lenye minara 11 na vyumba 140, lilijengwa upya kati ya mwaka 1839 na 1871. Aliyelijenga ni Jan Adolf wa Pili pamoja na mkewe Eleonora wa ukoo wa Liechtenstein. Jan Adolf alikuwa Uingereza mwaka 1838 wakati Malkia Victoria anatawazwa, na kasri la Windsor likamwingia moyoni. Msanifu Franz Beer alianza kazi, na baada ya kifo chake Damasius Deworetzky akaimalizia, hasa zile mbao za ndani zilizochongwa kwa ustadi zinazokufanya utembee ukiwa umeinua shingo.

Angalia miaka hiyo vizuri. Kazi ilipoanza, mkulima wa Bohemia alikuwa bado analazimika kumfanyia kazi bwana wake siku kadhaa bila malipo. Mapinduzi ya 1848 yakaikomesha kazi hiyo ya lazima, na mahakama za mabwana zikafuata. Kasri lilipokamilika, mtemi alikuwa bado tajiri wa kupindukia, lakini hakuwa tena hakimu wa vijiji vyake. Akina Schwarzenberg wenyewe walikuwa kwenye kilele cha siasa: Felix, ndugu wa Jan Adolf, alikuwa waziri mkuu wa Austria kuanzia mwishoni mwa 1848 hadi alipofariki 1852, na ndugu mwingine, Friedrich, alikuwa kadinali na askofu mkuu wa Praha. Mimi naamini wingi wa nembo Hluboká unatokana na wakati huo. Haki ya kisheria ilipopungua, historia ikaongezwa ukutani. Tukio la mwaka 1598 lilikuwa na karibu miaka 270 lilipogeuzwa kuwa kitasa, na kila mgeni aliyetaka kuingia alilazimika kukishika kichwa kile kwa mkono wake mwenyewe. Yule aliyeagiza kitasa alijua anachokifanya. Alitaka kila mkono uguse sababu ya ukuu wa ukoo.

Nami sitaki kukuficha kwamba picha ile ni ya kikatili. Kilichochongwa pale ni maiti ya mtu inayodhalilishwa, na imefanywa iwe ya kupendeza. Wapo wataalamu wanaosema mtazamaji wa leo asiihukumu kwa sababu "ndivyo zama zile zilivyokuwa." Mimi sikubaliani nao kabisa. Kitasa si cha zama zile. Kimetengenezwa katika karne ya reli na telegrafu, na watu waliosoma vizuri. Tena historia ikapinda: mwaka 1914 Austria na Waosmani waliingia Vita Vikuu upande mmoja, na askari wao wakafa kwa ajili ya muungano uleule, huku kunguru akiendelea kudonoa mlangoni.

Kuhusu mifupa uliyoiona Kutná Hora, ndege ni huyohuyo na ukoo ni huohuo. Baada ya monasteri ya Sedlec, huko Kutná Hora, kufungwa mwaka 1783, mali zake baadaye zilifika kwa akina Schwarzenberg, wa tawi lingine lenye makao yake kwenye kasri la Orlík. Kanisa dogo la makaburini lilikuwa limejaa mifupa ya watu wanaokadiriwa kufikia 40,000, wengi wao waliokufa kwa tauni na kwa vita vya karne ya 14 na 15. Mwaka 1870 fundi wa mbao František Rint aliajiriwa kuipanga. Akatengeneza kile kinara maarufu cha taa, akaandika jina lake ukutani kwa mifupa, na akawatengenezea waajiri wake nembo yao. Chini kulia ya nembo ile, mifupa midogo imeungwa ikawa kunguru, naye anaelekeza mdomo kwenye tundu la jicho la fuvu halisi. Angalia mwaka: Rint alimaliza Sedlec wakati uleule ambapo Hluboká ilikuwa inakaribia kukamilika. Kwa hiyo ulichokiona mahali pawili ni mazungumzo ya kizazi kimoja.

Umeuliza kwa nini havijaondolewa. Czechoslovakia ilifuta vyeo vyote vya kikabaila Desemba 1918, miezi miwili tu baada ya kuundwa, na tangu hapo hakuna nembo ya ukoo yenye nguvu yoyote ya kisheria ya utawala. Kasri lenyewe lilibaki mali ya ukoo. Bwana wake wa mwisho, Adolf Schwarzenberg, alikuwa mpinzani wa wazi wa Wanazi. Aliondoka mwaka 1939, na mwaka uliofuata Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ikazitwaa mali zake, huku binamu yake Heinrich akikamatwa na kupelekwa kambi ya Buchenwald. Vita vilipokwisha Adolf hakurudishiwa. Mwaka 1947 bunge lilipitisha sheria namba 143, iliyotungwa mahususi kwa ajili ya tawi lake, na mali zote zikaenda kwa umma bila fidia. Hiyo ilikuwa kabla Wakomunisti hawajachukua madaraka. Alifariki Italia mwaka 1950.

Kwa kuwa najua umetoka Kenya, kuna jambo ambalo huenda litakushangaza. Adolf huyohuyo na mkewe Hilda walikuwa na shamba Laikipia, jina lake Mpala, walilolinunua miaka ya 1930. Leo jina la Mpala linajulikana zaidi na watafiti wa wanyamapori. Hluboká ulikokwenda na shamba hilo la nchini kwenu viliwahi kuwa na bwana mmoja, na kwa hakika hilo lilitokea kwa sababu ya mfumo wa kikoloni uliowaruhusu wageni matajiri kununua ardhi ambayo Wamaasai walikuwa wameondolewa miaka kama ishirini tu nyuma. Ukimtafuta Mwafrika kwenye historia ya kasri hili, usimtafute kwenye kichwa cha kitasa. Mtafute hapo.

Sasa kasri linasimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Urithi, ni kumbukumbu ya taifa, na sheria hairuhusu kung'oa kitu kilicho sehemu ya jengo. Mimi pia nisingependa kitasa king'olewe. Ukiondoa kitasa, kinachobaki ni kasri zuri jeupe lenye bustani, na mgeni ataondoka akidhani uzuri ulijijenga wenyewe. Ninachokidai, na nimekidai mara nyingi, ni maelezo ya kutosha mlangoni: hiki ni kichwa cha nani, kiliwekwa lini, na nani aliagiza kiwekwe. Mgeni wa Kituruki anayefika na watoto wake anastahili kuyapata bila kuomba, na wewe pia ulistahili. Wenyeji wenyewe wangefaidika, maana wengi wamekishika kitasa kile tangu utotoni bila kujua Győr iko wapi.

Kama utakwenda Český Krumlov, na kutoka České Budějovice si mbali, uwe na tahadhari moja. Nembo iliyo juu ya mlango haikuambii nani alijenga. Inakuambia nani alitaka kutajwa siku ilipowekwa. Krumlov ilikuwa ya Rožmberk, wenye waridi jekundu la petali tano kwenye fedha, hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Kisha ikaja kwa akina Eggenberg, na ilipofika mwaka 1719 Schwarzenberg wakairithi. Rožmberk nao walikuwa na dai lao la ajabu: walisema wana udugu na ukoo wa Orsini wa Roma, na kwa kuwa jina la Orsini linahusishwa na dubu, walifuga dubu handakini ili kulionyesha dai hilo likiwa hai. Desturi ya kufuga dubu pale ilianza karne ya 16. Udugu wenyewe haukuwahi kuwepo.

Praha nayo ina mtego kama huo. Jengo kubwa lililochorwa nyeusi na nyeupe karibu na lango la ngome, liitwalo Kasri la Schwarzenberg, lilijengwa na Jan wa Lobkowicz kati ya 1545 na 1567, zaidi ya miaka 150 kabla ya Schwarzenberg kulipata. Ukifika, simama kwanza nje. Tafuta ngao, anza na chini kulia kumwona kunguru, panda juu kulia uone kama zile ncha za Sulz zipo, kisha ingia katikati ukahesabu miganda. Ukikuta vyote vitatu, iliyo mbele yako ni nembo ya baada ya 1674, hata kama ukuta uliobebeshwa ni wa zamani zaidi. Niandikie ulichokikuta, na picha kama utaweza.